UZI: Maswali ya baiolojia ya fomu tatu na fomu foo, leta hapa tuyamalize kabla ya KCSE

MwalimuWaBaio

Wadau habari za jioni. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndio hiyo inabisha hodi na kila jioni vijana wananitumia maswali ya baiolojia kwa simu, mengi ni yale yale, mmoja yuko Kayole mwingine Rongai hawajuani lakini wamekwama mahali pamoja. Nimeonelea nifungue uzi tujibu hapa wote waone. Wazazi pia karibuni, najua mkiulizwa homwaki ya sayansi mnaanza kukohoa na kutafuta rimoti.

Kabla tuanze nitoe dukuduku langu. Makaratasi ya mock yakinijia kusahihisha, kinachonichosha si watoto kutosoma. Wamesoma, wengine wamekariri hadi nukta. Shida ni swali linauliza sababu na mtoto anajibu faida. Unauliza kwa nini mmea wa Turkana una majani madogo, anakuandikia "ili usife na kiu". Sawa, asife, lakini kimetendeka nini? Jani dogo lina uso mdogo, stomata, vile vitundu vya kupitisha hewa, ni chache, maji yanayopotelea hewani ni machache. Maksi ziko hapo. Mmea haujui kuna ukame na hauna mpango wowote wa kujiokoa. Kwa hivyo humu nitajibu hivyo tu, nini kimetoka wapi kimeenda wapi na kimesukumwa na nini, na mkinijibu kwa "ili" nitawarudisha.

Twendeni.

Otis_Kayole

Ticha mimi osmosisi ndio inaniua. Kwa nini seli ya damu ukiiweka kwa maji inapasuka na ya mmea haipasuki? Na pia mbona sisi tunakunywa maji kila siku na hatupasuki 😂

MwalimuWaBaio

@Otis_Kayole hiyo ya mwisho umeuliza kwa mzaha lakini ni swali kubwa, nitaifikia.

Anza na maji, usianze na seli. Maji yanasonga kutoka mahali yalipo mengi, yaani mchanganyiko mwepesi, kwenda mahali yalipo machache, mchanganyiko mzito, yakipita kwa utando unaochagua cha kupitisha. Ukiacha kutaja utando hiyo si osmosisi tena, ni difyusheni ya kawaida na utakosa maksi. Sasa seli nyekundu ya damu ikiwa ndani ya maji matupu, nje hakuna kitu, ndani kuna chumvi na himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, basi maji yanaingia na kuingia, seli inavimba, utando wake ni mwembamba na hauna cha kuushikilia kwa nje, unapasuka. Seli ya sukuma wiki nayo maji yanaingia vile vile na kwa sababu ile ile. Lakini kwa nje iko na ukuta wa selulosi. Seli ikivimba inasukuma ukuta, ukuta nao unarudisha msukumo ndani, mpaka ule msukumo unatosha kuzuia maji mengine yasiingie. Seli inakaza hapo, haipasuki. Wengi wanaandika "seli ya mmea ina ukuta" halafu nukta. Ukuta unafanya nini? Sema unarudisha msukumo! Ndio maana sukuma iliyolegea kwa jua mama mboga akiinyunyizia maji inasimama tena, na akichelewa sana hata uiloweke usiku kucha haisimami, seli zishakufa na utando hauchagui tena.

Kuona upande wa pili, leo ukikata kachumbari weka kitunguu kwa bakuli kikavu, nyunyiza chumvi, uache kidogo. Utakuta maji chini ya bakuli na hakuna mtu ameweka maji. Yametoka ndani ya seli za kitunguu. Na ni sababu hiyo hiyo drip ya hospitali si maji matupu, ni gramu 9 za chumvi kwa lita moja, asilimia 0.9, inakaribiana na uzito wa damu, seli zisivimbe wala kunywea.

Sasa kunywa maji. Kinachokuokoa ni figo. Kwa siku zinachuja karibu lita 180 kutoka kwa damu na karibu zote zinarudishwa, wewe unakojoa lita moja au mbili. Ukinywa maji mengi damu inakuwa nyepesi, haipothalamasi, sehemu ya ubongo, inahisi, tezi ya pituitari inapunguza ADH, homoni inayofanya figo zirudishe maji, kuta za mirija ya figo zinapitisha maji machache kurudi kwa damu, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Mtu akinywa lita nyingi haraka kuliko figo zinavyoweza kutoa, seli za ubongo zinavimba kweli na anaweza kufa, kwa hivyo mzaha wako si mzaha sana. Pombe nayo inazuia hiyo ADH, ndio maana mlevi haishi kuenda choo na asubuhi anaamka na kiu ya ng'ombe. Hii mmeisoma kwa kitabu, msiende kumwangalia baba vibaya.

Shiro_wa_Rongai

Mwalimu mimi niliandika "enzaimu zilikufa kwa sababu ya joto" nikapewa sufuri. Sufuri kabisa! Na ticha wetu hakueleza, alichora tu mstari mwekundu

MwalimuWaBaio

Pole dada lakini hata mimi ningechora. Enzaimu haifi kwa sababu haikuwa hai, ni protini ya kuharakisha mabadiliko ya kikemikali. Ni mnyororo wa asidi amino umekunjwa kwa umbo fulani, na mahali fulani kwa hilo umbo kuna nafasi ambayo kitu kinachovunjwa kinaingia na kutoshea. Joto likizidi vile vishikizo dhaifu vinavyoshika mkunjo vinaachana, umbo linaharibika, nafasi haitoshei tena, kazi inasimama. Andika umbo limeharibika, na ueleze kwamba ile nafasi haishiki tena. Hilo neno "zilikufa" lifute kichwani leo.

Mmeshafanya ile ya maini na haidrojeni peroksaidi? Kipande cha maini mabichi ukidondoshea peroksaidi kinatoa povu hadi linamwagika kwa mdomo wa tyubu, ukitia kijiti chenye kaa jekundu kinawaka, hiyo ni oksijeni. Kipande cha pili kichemshe kwanza. Hakuna povu. Ni maini yale yale, peroksaidi ile ile, kilichobadilika ni umbo la katalesi, enzaimu iliyo ndani ya maini. Na ukiponda yale mabichi povu linakuja haraka zaidi kwa sababu umeongeza uso unaokutana na peroksaidi, hiyo huulizwa kama swali la pembeni na watu wanaiacha wazi.

Baridi ni hadithi tofauti. Frijini enzaimu haiharibiki, molekuli zinasonga polepole tu, hazikutani sana. Ukirudisha joto inarudi kazini. Ukichanganya hizo mbili kwa grafu ya joto umekwisha.

Shiro_wa_Rongai

Na Benedikti, ile dawa ya buluu ya kupima sukari? Kuna ile ya sukari ambayo inakataa

MwalimuWaBaio

Sukrosi. Haifanyi Benedikti ibadilike hivi hivi. Kwanza ichemshe na haidrokloriki asidi ivunjike iwe glukosi na fruktosi, halafu weka sodiamu haidrojeni kaboneti kuondoa asidi, ndipo uweke Benedikti na uchemshe. Watu wanasahau kuondoa asidi. Na rangi andika vile inavyopita, buluu, kijani, manjano, machungwa, hadi nyekundu ya tofali, usiruke moja kwa moja kwa tofali kama yako imeishia machungwa. Andika ulichoona, pepa ya tatu ni maksi 40 na nyingi ni za macho tu.

BabaTamara

Mwalimu salaam. Mimi mzee wa zamani kidogo, tuliambiwa tusilale chini ya mti usiku kwa sababu mti unakunywa oksijeni yetu. Sasa bibi ameleta maua ndani ya chumba cha kulala, nimekataa, kumekuwa na vita. Tusaidie.

MwalimuWaBaio

Mzee wangu rudisha maua, omba msamaha, nunua hata chungu cha pili.

Iko hivi. Mmea unapumua mchana na usiku, hilo ni kweli, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea kwa kuandika kwamba mchana unafanya fotosinthesisi na usiku ndio unapumua. Unapumua saa zote maana kila seli hai inahitaji nguvu. Mchana fotosinthesisi inazidi upumuaji kwa mbali kwa hivyo tunaona oksijeni ikitoka, usiku hakuna mwanga kwa hivyo kinachobaki kuonekana ni kabonidioksidi. Lakini ni kidogo sana. Mtu aliyelala anatoa kama mililita 200 za kabonidioksidi kwa dakika. Ua kwa chungu halifiki hata karibu. Kama ni kuogopa kuibiwa oksijeni basi ungemfukuza mama kwanza, na sikushauri.

Kinachoua watu chumbani Nairobi hii ni jiko la makaa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni swali la mtihani na pia ni maisha ya watu. Makaa yakiwaka mahali hewa ni finyu yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ikishika haiachii upesi. Damu inazunguka, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, lakini oksijeni haina pa kupanda. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Kila msimu wa baridi, Julai hivi, tunasikia familia imelala na jiko ndani ya mabati na madirisha yamezibwa. Swali likija "eleza kwa nini ni hatari kulala na jiko linalowaka" usiandike ati jiko linamaliza oksijeni peke yake, taja kaboni monoksaidi, taja himoglobini, taja kwamba ule muungano haubanduki kwa urahisi kwa hivyo damu inabeba oksijeni kidogo.

BabaTamara

Nimesoma kwa sauti bibi akisikia. Nimejuta. Asante.

MamaAkinyi

Habari mwalimu. Mimi ni mzazi. Mtoto wa dada yangu kule Siaya ana selimundu, na dada yangu na bwanake wako sawa kabisa hawajawahi kuugua. Watu wa boma wanasema ni dada yangu ameleta kutoka kwao. Halafu msichana wangu wa fomu foo ananiambia ati huo ugonjwa unasaidia na malaria. Ugonjwa unasaidiaje?

MwalimuWaBaio

Mama Akinyi pole sana kwa huyo mtoto. Nitajibu polepole kwa sababu ndani ya swali lako kuna karibu nusu ya jenetiki ya fomu foo.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba moja ya mama. Kwa selimundu, ile watu wanaita siko seli, herufi moja ya jeni imebadilika, na kwa mnyororo wa protini unaoitwa beta, nafasi ya 6, mahali pa asidi ya glutamiki pakakaa valini. Kitu kidogo hivyo. Himoglobini ya aina hiyo oksijeni ikipungua zinashikana zinakuwa fito ndefu ndani ya seli, seli inapinda kama mundu, inakwama kwa mishipa midogo. Maumivu yanatoka hapo, damu haipiti. Na seli ya kawaida inaishi kama siku 120, hizi zinaishi siku 10 hadi 20, kwa hivyo mtoto anakosa damu kila mara.

Mwenye nakala mbili nzuri tunamwandika AA, mwenye mbili za selimundu SS, na mwenye moja nzuri na moja ya selimundu AS. Kwa kawaida haugui. Dada yako ni AS na bwanake ni AS, hakuna njia ingine mtoto wao wa SS angetokea hivyo kwa kawaida, nakala moja ametoa mama na moja ametoa baba. Kwa hivyo wale wa boma waambie kama ni kuleta wameleta wawili, nusu kwa nusu. Kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto SS, mbili kwa nne ya AS, moja kwa nne ya AA. Na tafadhali, kila mimba inaanza upya. Si eti wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama, hilo kosa nalikuta kwa wanafunzi na kwa watu wazima pia. Kama wanapanga mtoto mwingine waende hospitali wapimwe na waongee na daktari.

Sasa malaria. Msichana wako amesema vizuri ila amekata kona. Ugonjwa wenyewe hausaidii, mtoto SS akishikwa na malaria ni hatari kubwa, alale kwa neti na msicheze na kliniki. Anayesaidika ni AS. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya seli yake, seli hiyo inapinda mapema, wengu unaiondoa na kimelea ndani. AS anaweza kupata malaria lakini ile kali ya kuua watoto wadogo inampata mara chache.

Na hii iligunduliwa hapa kwetu, ndio maana naipenda. Kuna daktari aliitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, mwaka 1949 akaja na msafara wa chuo kikuu cha Oxford wa Mlima Kenya, akawa anazunguka nchi akipima damu za watu wa makabila tofauti. Akaona kitu cha ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na ile nakala moja, lakini nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Watu wa ziwa na watu wa pwani hawana undugu wa karibu wala lugha moja. Wanachoshiriki ni mbu. Akarudi kupima zaidi na 1954 akachapisha kwamba jeni hiyo imebaki kwa wingi pale malaria iko. Siaya iko ndani ya hiyo ramani mama, si laana na si uchawi.

MamaAkinyi

Mungu akubariki mwalimu. Hii naipeleka kwa grupu ya familia sasa hivi

Otis_Kayole

So jeni ilijua kuna mbu ikabadilika??

MwalimuWaBaio

HAPANA. Otis, nilisema nitawarudisha 😂

Jeni haijui kitu. Mabadiliko yanatokea kwa bahati wakati DNA inanakiliwa, popote, hata Nyeri ambako malaria ni nadra. Nyeri aliyezaliwa AS hana faida yoyote juu ya AA, na akioana na AS mwenzake watapoteza watoto, kwa hivyo jeni inabaki adimu. Siaya watoto wa AA wengi walikufa na malaria, watoto SS walikufa na selimundu, wale AS wakabaki, wakakua, wakazaa. Vizazi na vizazi. Mazingira hayakutengeneza jeni, yalichuja tu waliokuwa nayo. Huo ndio uteuzi wa asili wote, ukiuelewa hapa utajibu ya nondo, ya mbu na dawa, ya bakteria, zote.

Kiongos_Umoja

Ya bakteria hebu fungua kidogo. Mimi nikimeza amoksilini sai haishiki, nadhani mwili umezoea

MwalimuWaBaio

Mwili haujazoea kitu, na naomba kama una homa ya mafua hiyo amoksilini uache kabisa, mafua ni virusi na antibiotiki haigusi virusi.

Walio sugu ni bakteria. Kwa mamilioni ya bakteria kooni mwako huenda wachache walishazaliwa na badiliko linalowakinga na dawa, kabla hujameza kidonge chochote. Dawa inaua wengine wote, hao wachache wanabaki na nafasi na chakula, wanagawanyika, wengine wanazaliana kila dakika 20 mambo yakiwa mazuri. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walilionyesha kwa jaribio rahisi sana. Walichukua kitambaa cha mahameli wakakigandamiza juu ya sahani yenye bakteria, wakanakili ile picha yote kwa sahani zingine zenye dawa. Makundi yaliyopona yalitokea mahali pale pale kwa kila sahani, na walipoyarudia kwa sahani ya kwanza ambayo haikuwahi kuona dawa, wakakuta hapo hapo bakteria walikuwa sugu tayari. Usugu ulitangulia dawa. Fleming mwenyewe aliyegundua penisilini 1928 alionya mwaka 1945 akipokea tuzo ya Nobel kwamba dozi ndogo ndogo zitatuletea vijidudu sugu. Na sisi tunaenda kwa kemisti tunaomba "nipee mbili za hamsini bob".

Wenye umri wanakumbuka kloroquini, ile ya kuwasha mwili mzima. Vimelea vya malaria vikawa sugu hadi Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Ni mambo yale yale.

Shemasi_K

Mwalimu unaenda vizuri lakini naona unatupeleka pole pole kwa habari ya nyani. Kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wako Ngong?

MwalimuWaBaio

Shemasi sitaki kuvuruga ibada ya mtu, nakueleza sayansi inasema nini kwa sababu mtoto wako ataulizwa. Haisemi ulizaliwa na nyani wa Ngong. Inasema sisi na sokwe tulikuwa na mababu wamoja kitu kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ukoo ukagawanyika, upande mmoja ukaishia kwao upande mwingine kwetu. Nyani wa Ngong ametengana nasi hata mapema zaidi. Hakuna sababu ya mmoja kupotea ndio mwingine awepo.

Na ukitaka kuona kwa macho, ukiwa na nafasi peleka vijana jumba la makumbusho pale juu ya barabara ya Museum Hill wakamwone yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya, kule Nariokotome mwaka 1984, ya miaka kama milioni moja na nusu. Mwangalie miguu na nyonga, anatembea wima kama wewe. Halafu angalia fuvu. Dogo. Kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa, hilo linaulizwa.

Shemasi_K

Tutaenda kuangalia. Kuangalia si kuamini 😄

MwalimuWaBaio

Ni sawa kabisa shemasi, mtihani pia hauulizi umeamini nini.

Kevo_Mbio

Ticha mimi hukimbia. Ni kweli Iten oksijeni ni asilimia ndogo ndio maana wakimbiaji wanaenda huko?

MwalimuWaBaio

Asilimia ni ile ile. 21 Mombasa, 21 Iten, 21 juu ya Mlima Kenya. Ukiandika "asilimia ya oksijeni inapungua" umepigwa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari na shinikizo ni kama robo tatu ya lile la Mombasa, kwa hivyo kila pumzi moja ina molekuli chache za oksijeni na msukumo wa kuiingiza kwa damu ni mdogo. Figo zinahisi hiyo, zinatoa homoni inaitwa erithropoietini, inafika kwa uboho, seli nyekundu zinatengenezwa kwa wingi. Akishuka kukimbia chini anabeba oksijeni zaidi kwa kila tone. Hiyo homoni ndio EPO ambayo watu wanajidunga wanafungiwa, wanatafuta kwa sindano kitu ambacho figo ingewapa kwa kukaa mlimani. Na damu ikiwa nzito sana inaganda, moyo unachoka, wengine wamekufa.

Sina_Jina_Hapa

Mwalimu naomba unijibu bila kunicheka. Mimi ni damu A, mke wangu ni B, mtoto wetu amepimwa ni O. Ndugu zangu wameanza maneno.

MwalimuWaBaio

Kaka hakuna wa kukucheka. Na waambie ndugu zako wanyamaze.

A na B zote mbili zina nguvu juu ya O, O inajificha. Wewe unaweza kuwa A ukiwa na AA au ukiwa na AO, kwa macho ya maabara hazitofautiani. Mke naye BB au BO. Ukiwa AO na yeye BO, mnaweza kupata watoto wa A, B, AB na O, makundi yote manne nyumba moja. Mtoto wenu alichukua O yako na O ya mama. Sawa kabisa kwa vitabu vyote. Na hata siku makundi hayajaingiana usikimbilie kufunga virago, maabara hukosea na kuna visa adimu, kupima uzazi ni DNA.

Mkiwa hapo angalieni pia Rhesus, ile chanya au hasi inayoandikwa baada ya kundi la damu. Kama mke ni hasi na wewe ni chanya, mtoto chanya wa kwanza kwa kawaida hana shida, lakini wakati wa kuzaliwa damu yake inaweza kuchanganyika na ya mama na mama akatengeneza kingamwili, na mimba inayofuata hizo kingamwili zinapita kondo na kuvunja damu ya mtoto. Kuna sindano ya anti-D, hupewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, wengine hudungwa pia mimba ikiwa bado. Ulizeni kliniki.

Sina_Jina_Hapa

Nimelala vibaya wiki nzima. Asante ndugu yangu

Shiro_wa_Rongai

Mwalimu ya mwisho naomba. Baba ana himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, mama hana na si mbebaji. Wavulana wao wataugua wangapi? Niliandika nusu

MwalimuWaBaio

Nusu ulitoa wapi? Jeni ya himofilia iko kwa kromosomu X. Nionyeshe baba anampa mvulana nini.

Shiro_wa_Rongai

Anampa... Y

MwalimuWaBaio

Endelea

Shiro_wa_Rongai

X ya mvulana ni ya mama, na ya mama ni nzuri. So hakuna mvulana ataugua. Wasichana wote watachukua X ya baba kwa hivyo wote wanakuwa wabebaji??

MwalimuWaBaio

Wote. Na hao wasichana wakizaa, hapo sasa nusu yako inaingia, kila mvulana wao ana nafasi moja kwa mbili. Kwa mtihani chora gameti, yaani mbegu na mayai, ndani ya miduara, andika X na Y na jeni kwa juu yake, usiandike herufi za jeni juu ya Y maana haina. Kuna watu wanapoteza maksi mbili hapo kila mara na hesabu yote iko sawa.

Otis kama bado uko macho fanya hiyo ya wajukuu utume hapa na mchoro. Pepa ya pili swali la sita, ile ya grafu ya maksi 20 ya lazima, nitafungua uzi wake kesho kutwa, leteni data mlizokwama nazo.